Jua Lililosingiziwa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima wa mwili na mtulivu wa moyo, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limeacha ujeuri wake. Sisi huku hatujambo. Kibanda changu cha kufuli bado kinatupatia riziki, maana watu hawaachi kupoteza funguo wala hawaachi kuogopana. Binti yako anakusalimu sana. Yupo hapa mkabala nami, anakunja nguo, na anajua kila ninachokuandikia.

Shemeji, wewe unayemsomea Mama, nakuomba usome polepole, na usiruke mstari hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Mama, mkwe na mkwe ni kusitiriana, na yapo mambo ambayo mwanamume hapaswi kumwandikia mama wa mkewe. Lakini nimejaribu kuyazunguka nimeshindwa. Unanijua mimi ni mtu wa kushuku. Kazi imenilea hivyo. Anayekuja kuchongesha ufunguo wa sanduku la mwenzake siku zote husema ni lake, na mimi nimezoea kutazama mikono ya mtu kuliko kusikiliza maneno yake. Kwa bahati mbaya, tabia hiyo haibaki kibandani nikifunga kazi. Hurudi nami nyumbani.

Mambo yalianza mkesha wa Noeli. Padri wetu mpya, kijana mwenye sauti nzuri, alihubiri juu ya ile nyota ya mamajusi. Alisema siku kuu za Kanisa zimefungamana na mbingu: Noeli ina nyota yake, Pasaka ina mwezi wake, na Ijumaa Kuu ina giza lake la mchana. Nilipenda mahubiri yale. Kilichonikera ni kilichofuata. Tulipotoka nilitangulia kufungua baiskeli, na nilipogeuka nikamwona binti yako anashuka ngazi za kanisa ameushika mkono wa padri. Hakuugusa kwa adabu, Mama. Aliushika kama mtu anayevuka mto. Nikajiambia mkono wa padri ni wa waumini wote. Lakini yule mtunza sakristia tunayemwita Kengele, kwa sababu hakai kimya, alinipitia sikioni akasema, “Fundi, mkeo siku hizi amekuwa mcha Mungu kweli kweli.” Akacheka. Nilipanda baiskeli kile kicheko kikiwa kimenikaa shingoni.

Ikafika Epifania. Baada ya misa ya jioni padri alitutoa wote uani, akatuonyesha nyota moja kubwa iliyokuwa inawaka juu ya paa la shule. Hakusema ndiyo ile ya mamajusi, alisema tu kwamba ukiitazama utaelewa kwa nini watu waliacha nyumba zao wakaifuata. Kila mtu akashangaa. Nikamnyooshea binti yako kidole, nikamwambia ile pale. Akasema, “Nimeiona, inapendeza.” Mama, uso wake ulikuwa umeelekea kwenye tangi la maji. Moyoni nikasema: mwili upo hapa, akili ipo kwingine.

Kwaresima ndiyo iliyonimaliza. Alianza kwenda nyumba ya mapadri mara kwa mara, mchana, akisema anasaidia kushona vitambaa vya altare. Jua likianza kulegea tu, anarudi mbio, kana kwamba anakimbia kuonekana. Jioni hataki tena kutoka nami. Alibadilisha balbu zote za nyumba akaweka zile kali za dukani, nyumba ikawa kama chumba cha upasuaji. Nikamkuta na alama nyeusi kwenye ugoko, akasema amejigonga na ndoo. Siku nyingine alama nyingine, na ndoo ileile ikasingiziwa. Nilimuuliza kama kuna jambo. Akasema, “Lipo. Pasaka ikipita nitakuambia.” Mama, mwambie mtu wa kushuku asubiri, utakuwa umemwagia moto mafuta ya taa. Ni jambo gani hilo la kusubiri Pasaka ipite? Nilihesabu kwamba anataka kunikimbia bila kuharibu sikukuu.

Kabla ya Jumapili ya Matawi, kitasa cha nyumba ya mapadri kilikwama, na padri akaniita mimi. Alinikaribisha chai, akaniita kaka. Nilifungua kitasa, nikakisafisha, nikachonga funguo mpya. Mmoja nikabaki nao mfukoni. Katika kazi yetu upo pia ufunguo mmoja unaofungua milango mingi, nao una jina ambalo siwezi kuliandika mbele yako. Huo ningeweza kuutumia bila kuchonga kitu. Lakini nilitaka mlango ule mmoja tu.

Jumamosi Kuu asubuhi, siku ile ambayo hata kengele hazilii, binti yako alijitanda akasema anakwenda kusaidia maandalizi. Nikamwacha apinde kona, nikamfuata. Aliingia nyumba ya mapadri. Nikasimama nyuma ya ukuta. Kengele alikuwa anafagia uani, akaniona, akaegemea ufagio akaninong’oneza, “Lisemwalo lipo, fundi.” Wakati huohuo mtu akavuta mapazia ya sebule. Mchana kweupe, Mama, mapazia yakafungwa!

Sikumbuki nilivyovuka ule uwanja. Nakumbuka ufunguo uliingia vizuri, na hata katika hasira ile nilijisifu kwa kazi safi.

Chumba kilikuwa giza, isipokuwa taa moja juu ya meza. Binti yako alikuwa ameketi huku analia. Padri alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja ameshika chungwa, mwingine ameshika limau.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Kwaresima, yakayeyuka yote. Nikasema, “Hiyo ni nini?”

Padri akanitazama, akautazama mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake, kisha akautazama ufunguo wangu. Nadhani alielewa kila kitu papo hapo. Akasema taratibu, “Kaka, taa ni jua, chungwa ni dunia, limau ni mwezi. Keti.”

“Sikuja kufundishwa matunda,” nikasema. “Nimekuja kumuuliza mke wangu anafanya nini hapa.”

Binti yako akafuta machozi. “Mume wangu, mimi sioni,” akasema.

Nikamjibu kwa ukali kwamba ananiona vizuri, si anazungumza nami? Akasema, “Hapa penye taa nakuona. Jua likizama sikuoni. Nyota sijaziona tangu mwaka juzi. Na hata mchana, vilivyo pembeni vinaanza kunitoroka. Ndivyo alivyoanza mama.”

Nilikaa bila kuambiwa tena, na nikakaa vibaya, nusu ya kiti.

Mama, sasa nafika mahali ambapo barua hii ni yako kuliko yangu. Ukoo huu wote umelelewa na habari moja, nami nikaikuta: kwamba ulipoteza macho kwa sababu siku ya Ijumaa Kuu, ukiwa bibi harusi mpya, ulitoka kuanua nguo, jua likapatwa, nawe ukainua uso ukalitazama. Na kwamba marehemu mama mkwe wako alisema mbele ya watu, “Umefua siku ya kufa kwake Bwana, kisha ukamkodolea Mungu macho. Hayo ni malipo yako.” Binti yako aliisikia habari hiyo tangu akiwa mtoto. Giza lilipoanza kumnyemelea yeye naye, aliamini kwamba deni lako limehamia kwake. Alinificha kwa sababu alidhani mwanamume atamkimbia mwanamke aliyelaaniwa. Alimwendea padri ili aungame, Mama, aungame dhambi asiyoijua, ili asamehewe kabla macho hayajaisha. Ule mkono wa mkesha wa Noeli aliushika kwa sababu ngazi hakuziona.

Padri alimsikiliza, akamtuma kwanza kwa daktari wa macho, na majibu yalikuwa yatoke baada ya Pasaka. Ndilo jambo lile la kusubiri. Lakini ile habari ya Ijumaa Kuu ilimkaa padri moyoni, kwa sababu, alisema, haiwezekani. Ndiyo maana siku ile alifunga mapazia akawasha taa: alitaka binti yako aone sababu kwa macho yake wakati bado anayo.

Nami nikaonyeshwa. Jua hupatwa pale tu mwezi unapopita katikati, kati ya dunia na jua, yaani wakati mwezi umefichika kabla ya kuandama, haupo angani usiku. Pasaka nayo, tangu zamani za kale, huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Padri akaliweka limau nyuma ya chungwa, mbali kabisa na taa. “Siku za Ijumaa Kuu mwezi uko upande huu,” akasema. “Upande wa pili wa dunia. Hauwezi kulifunika jua hata ukitaka.”

Unanijua, sikukubali kirahisi. Nikamuuliza, na lile giza la mchana aliposulubiwa Bwana? Akasema ndiyo sababu Wakristo wa kale walilishangaa, kwa kuwa walijua halikuwa la kupatwa kwa jua. Akaongeza neno ambalo binti yako ameniomba niliandike kama lilivyo: “Ishara za Mungu ni za kuonyesha njia. Nyota iliwapeleka wageni kwa mtoto. Mungu hategi mtego mbinguni ili ampofushe msichana anayeanua nguo.”

Jioni nilitoka nje peke yangu kuhakikisha. Mwezi ulichomoza mwekundu nyuma ya maghala, mkubwa, umeanza kumegeka kidogo sana ubavuni. Nikabishana nao kwa muda. Kisha nikaingia ndani nikamwambia binti yako avae, twende mkesha. Alikuwa hataki, kwa sababu mkesha wa Pasaka kanisa huzimwa taa zote. Nikamwambia ashike mkono wangu kama alivyoushika ule wa padri, kama anavuka mto. Tukasimama gizani. Alinikamata kwa nguvu mpaka mshumaa mkubwa ulipoingizwa na watu wakaanza kuwashiana moto. Kengele alitukodolea macho muda wote. Nilimpa mgongo. Ule ufunguo nimemrudishia padri, akaupokea bila kuuliza.

Jumatano iliyofuata tulikwenda wote kwa daktari, mama mmoja mwenye maneno machache. Nilimuuliza jambo lilelile kwa njia tatu, hadi akavua miwani akanitazama. Alisema hivi: ugonjwa huu hurithiwa. Huanza gizani, kisha pembeni, polepole kwa miaka. Jua linapounguza jicho huunguza katikati, na mtu huliona tatizo siku hiyohiyo au kesho yake. Binti yako akamweleza jinsi ulivyoanza wewe: kwanza kujikwaa jioni, kisha kuwagonga watu waliosimama ubavuni, na sindano ukaendelea kuitunga uzi miaka mingi. Daktari akasema huyo hakuumizwa na jua. Huenda bibi yako au babu yako naye alikuwa nao, na hakuna aliyejua. Dawa ya kuuponya hajaijua, hilo nisikufiche. Kwa binti yako utakwenda taratibu, labda miaka kumi, labda zaidi.

Mama, sisemi ulidanganya. Huenda jua lilipatwa kweli, siku nyingine, nawe ukalitazama kidogo kama watu wote. Na huenda siku ya Ijumaa Kuu ilibandikwa baadaye na mtu aliyetaka uwe na kosa. Nashuku nani, lakini ni marehemu, na alikuwa mama yako mkwe, nami naandika kwa mama yangu mkwe, basi naishia hapo. Ninachokisema ni kimoja: hukuadhibiwa. Shemeji, lisome hilo tena. Hukuadhibiwa.

Binti yako ameniambia kwamba tangu ujana wako hujapokea komunyo siku ya Pasaka hata mara moja. Kwamba unabaki nyumbani, mlango umeufunga, ukisema hustahili. Mama, umelipa kwa miaka yote hiyo kitu ambacho hukukivunja. Pentekoste inakuja. Nitakodi gari nije kukuchukua mwenyewe. Padri anasema kiti cha mbele ni chako, na mimi nitakaa kati yenu, kila mmoja na mkono wake, watu waseme watakavyo.

Nisamehe kwa kumfuata binti yako kama mwizi. Yeye amenisamehe, ingawa amesema nikichonga ufunguo mwingine wa aina ile nitalala kibandani. Wasalimie wote hapo nyumbani, majirani, na shemeji ambaye koo lake limekauka kwa kusoma. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mkweo akupendaye na kukuheshimu,
Fundi Kufuli

Mama, ni mimi. Naandika herufi kubwa ili nizione mwenyewe. Sikulitazama jua lolote, na bado yamenikuta, kwa hiyo hata kwako siyo jua. Ukija, nifundishe unavyomimina chai ikajaa kikombe bila kumwagika. Ukimimina, utotoni nilikuwa nasahau kwamba huoni.