Mganda wa Arnfinn

Nordli,
Østre Toten.
19 Januari.

Mpendwa mdogo wangu Eivind,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Maureen na watoto, na kwamba joto la huko Perth halijawaunguza. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi nyonga yangu mpya inanibeba vizuri. Ndani natembea bila fimbo, nje natumia mbili kwa sababu ya barafu. Dada yetu Oddny anakohoa kama kila mwaka na hataki kwenda kwa daktari, kwa hiyo huyo hajabadilika.

Najua unangoja habari za mti. Nilikwambia nitaandika, maana kwa simu ningelia au ningetukana, na watoto wako walikuwa wanasikiliza.

Unaukumbuka mti ule, mrogni alioupanda mama mwaka uliozaliwa wewe, pale mpakani na kwa Arnfinn Bakkerud. Kila majira ya baridi ndege walikula matunda yake mekundu mpaka Februari, na mama alikuwa akisema mti wa Eivind unalisha wengi kuliko Eivind mwenyewe. Mwezi wa kumi nililazwa hospitali siku tisa kwa ajili ya nyonga. Niliporudi nikakuta kisiki. Asiyekuwepo na lake halipo, Eivind, lakini sikujua kwamba na mti umo.

Jirani yetu huyo Arnfinn alinifuata hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Ulikuwa umeoza, Torbjørg," akaniambia. "Ungekuangukia."

"Na wewe meno yako yameoza. Mbona hakuna aliyekukata kichwa?"

"Basi usikasirike, jirani. Kuni zako nimeshakupasulia. Nimekupangia ukutani pale."

Kweli alikuwa amezipanga, tena vizuri, zote za urefu mmoja. Nikaenda kukitazama kisiki. Kilikuwa cheupe na kizima kama jibini, hakuna uozo hata wa kuingiza ncha ya kisu. Ukweli ni kwamba alichoka kuokota matunda kwenye nyasi zake, na ndege walikuwa wanamchafulia gari jipya. Zile kuni sijachoma hata kipande. Nimezifunika kwa turubai, na kila asubuhi nafunua kidogo nizitazame ili hasira isipoe.

Watu wanasema kisasi hakifai. Watu hao hawajakatiwa mti.

Unajua Arnfinn anavyojivunia miganda yake ya shayiri ya kulishia ndege. Kila Desemba anaifunga utepe mwekundu na kuipeleka sokoni, na ule mkubwa kuliko yote anautundika juu ya mti langoni kwake, mahali ambapo kila aendaye kanisani lazima apite. "Ndege wa Toten wanaijua shayiri yangu," husema, mwaka nenda mwaka rudi. Na unawajua watu wetu. Mganda ukijaa ndege wakati wa Krismasi, mwaka utakuwa mwema. Ukibaki bila kuguswa hawasemi kitu, ila wanautazama, halafu wanaitazama nyumba.

Nikaamua mganda ule asiuguse ndege hata mmoja.

Tangu wiki ya kwanza ya Desemba niliwalisha kama wafalme. Mbegu nyeusi za alizeti, karanga zisizo na chumvi, mafuta ya ng'ombe niliyoyayeyusha na kuyagandisha kwenye vikombe, matufaha niliyoyakata nusu na kuyachomeka kwenye misumari ya uzio. Kila alfajiri nilifagia theluji kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo. Walikuja wote: wale wadogo wa tumbo la njano, wale wa kifua chekundu wanaotembea wawili wawili kama wachumba, shomoro, hata kigong'ota. Kwa Arnfinn mganda ulisimama na utepe wake kama bibi harusi ambaye bwana harusi hakutokea.

Siku ya pili ya Krismasi, tulipotoka kanisani, nikajikongoja polepole na kusimama langoni kwake. Watu nao wakasimama.

"Arnfinn, hawajauona bado?"

"Watakuja," akasema. "Shayiri ya mwaka huu bado wanaizoea."

"Labda umeoza," nikamwambia. "Ukate."

Walicheka hadi mama mchungaji. Siku hiyo nilikula mbavu za nguruwe kwa hamu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nifiwe na mume wangu.

Sasa sikiliza nilivyoumbuka. Tarehe nne Januari alikuja Borghild, mke wa Arnfinn. Alikaa jikoni kwangu, kahawa ikapoa mbele yake. Akaniambia ana uvimbe tumboni na kwamba Alhamisi atapasuliwa. Arnfinn hakumwambia mtu. Unajua alivyo, hata mafua anayaficha.

"Mama yangu alikufa mwaka ambao mganda wetu haukuguswa," Borghild akasema. "Najua ni upuuzi. Lakini tangu Krismasi nakaa dirishani, Torbjørg, na hajaja hata mmoja."

Kisha akageuka, akaona nje ya dirisha langu jinsi walivyokuwa wanagombania mafuta.

"Afadhali kwako wapo," akasema, na hakusema kwa kinyongo.

Niliona aibu, mdogo wangu. Nakuandikia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Jiwe nililomrushia Arnfinn lilikuwa limempata mwanamke ambaye hajawahi kunikosea hata kwa neno.

Jumatano asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, niliondoa kila kitu. Na wewe unajua dhambi hiyo. Ukianza kuwalisha huachi mpaka theluji iyeyuke, maana ndege wa ukubwa ule ana mafuta ya usiku mmoja tu mwilini, na asubuhi anakutegemea. Mama angenizaba kofi. Nikajipa saa mbili, nikaiweka saa mezani mbele yangu. Wakaja, wakatua kwenye misumari mitupu, wakanitazama jikoni. Nikawaambia kupitia kioo, "Nendeni kwa yule mwizi." Akaenda wa kwanza, wa tumbo la njano, kisha shomoro, kisha wote. Saa tatu na nusu mganda wa Arnfinn ulikuwa unatikisika kuanzia juu hadi chini, na Borghild alikuwa dirishani na gauni lake la kulalia, kiganja juu ya kioo. Nikarudisha chakula changu haraka.

Alipasuliwa salama. Madaktari wanasema wameutoa wote, na Jumatatu alirudi nyumbani. Nilimpelekea supu, akainywa yote.

Na Arnfinn je? Ulidhani alijifunza kitu? Jumanne, kesho yake Borghild aliporudi, alikuja kwangu kifua mbele.

"Umeona? Si nilikwambia wanaizoea. Ndege wa Toten wanaijua shayiri yangu. Tena mwakani nitakuletea mganda wa bure, mama, maana siku ile naona kwako chakula kiliwaishia."

Kiliwaishia! Ningeweza kumweleza, lakini angemweleza Borghild, na Borghild aache kuamini. Nikameza. Nimemeza mengi ya mtu yule, ila hicho kilinikaa kooni.

Ndipo nilipokumbuka friza. Mwezi wa tisa, kabla sijalazwa, niliyachuma matunda ya mti wako nipikie jeli ya kulia nyama ya paa mkubwa wa msituni utakapokuja. Makopo sita ya aiskrimu, yamejaa. Nisamehe, jeli hutaipata. Alhamisi ya wiki hiyo niliyamwaga makopo matano kwenye theluji, sambamba na uzio wa Arnfinn. Haikupita saa moja wakafika wale wenye kishungi wanaoteremka kutoka kaskazini njaa ikiwabana. Walikuwa kama sitini, na wanakula kama waalikwa wasiojua watakula tena lini. Matumbo yao unayajua, kinachoingia sasa hivi kinatoka kabla hujamaliza kikombe. Walikwenda kutulia wapi? Kwenye ua wake wa miti, juu ya waya unaopita katikati ya bustani yake, juu ya paa, juu ya gari. Siku tatu mfululizo. Theluji kwenye nyasi zake ni nyekundu kutoka mwisho hadi mwisho.

Arnfinn alisimama kwenye ngazi akicheka.

"Kwangu wamehamia kabisa!" akanipigia kelele. "Uchafu huu theluji ikiyeyuka utajiondokea wenyewe."

"Utajiondokea," nikamjibu.

Unakumbuka alivyokuwa akitufundisha mama? Mbegu ya mrogni haitaki jembe. Inataka kupita tumboni mwa ndege, kisha ilale chini ya theluji majira mazima ya baridi. Na zile nyasi, Eivind, anazipunguza kingo kwa mkasi, akipiga magoti. Mei itakapofika mbegu zitaota humo, na Mei ya mwaka utakaofuata, na mizizi yake anaijua mwenyewe kwa kuwa kisiki kilimtoa jasho. Alikata mmoja. Atang'oa mpaka azeeke.

Kopo la sita sikuwapa ndege. Mbegu zake nimezisafisha mwenyewe badala ya tumbo la ndege, nikazifukia kwenye beseni la udongo kando ya kisiki, upande wangu, nikazifunika theluji kwa mikono yangu. Humo nitachagua mche mmoja ulio imara uwe wako. Jitahidi uje Julai. Tutakaa nje na kahawa, tumtazame anavyoinama.

Nisalimie Maureen, na Callum, na Isla mdogo, mwambie shangazi amepokea picha yake. Oddny anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Borghild anakusalimu pia. Ukimwandikia, usimguse habari za mganda. Mungu awape afya na mvua ya kiasi, na akulindie kila ulichopanda hata ukiwa hupo.

Wako akupendaye na asiyesahau,
Dada yako,
Torbjørg