Barua za Mwita kwenye Ukuta Wangu

Susuni, Jumamosi, Desemba 1975. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nataka kuliandika kwanza kabla sijaeleza yaliyotokea leo. Ukuta mweupe wa chumba changu, ule ambao mama huwaleta majirani kuutazama, ulikuwa umebandikwa barua za kaka Mwita.

Ni barua tano. Kaka alituandikia kutoka Tanga, alikokwenda kukata mkonge, na huu ni mwaka wa pili hatujapata ya sita. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo zilikaa kwangu. Msomaji wa nyumba hii ni mimi.

Nilifanya hivyo likizo ya Juni, kwa ajili ya Flora. Flora ni rafiki yangu wa bwenini, na kwao Musoma wana bafu la ndani lenye bomba. Siku moja alikuwa akieleza chumba chake, nikajisikia nasema kwamba changu pia ni cheupe. Sijui kwa nini. Mimi huwa sisemi kitu. Akasema likizo atakuja akione.

Sikuwa na chumba cheupe. Nyumba hii tuliijenga haraka mwaka jana tulipohamishiwa kijijini, na udongo ulipokauka ukapasuka kila mahali. Bafu lilikuwa mabua kidogo na jiwe moja la kusimamia. Nilipofika nyumbani nikaanza kazi siku hiyo hiyo. Niliziba nyufa, nikakanyaga udongo na samadi, nikasiriba chumba mara mbili. Bafuni nilisimamisha miti na fito, nikakandika hadi usawa wa shingo. Kisha nikabeba mawe bapa kutoka mtoni, moja moja, kichwani, nikayapanga kwa mteremko ili maji yatoke yaende kwenye shimo la kokoto. Mama alikuwa akipita na jembe lake anacheka.

"Msomi, unajenga hoteli?"

Chokaa haikuwepo dukani. Nilikuwa na karatasi za mitihani ya zamani alizonipa mwalimu, upande mmoja mtupu. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikazibandika, maandishi yakitazama udongo. Zikaisha kabla ukuta haujaisha. Palibaki juu ya kitanda, karibu na dirisha, pale ambapo mgeni angetazama kwanza. Flora alikuwa afike kesho yake.

Barua za kaka zimeandikwa upande mmoja tu.

Nilijiambia kwamba nimezishika zote kichwani. Ilikuwa kweli. Mpaka leo ni kweli, na haijanisaidia.

Flora hakuja. Nilimngoja barabarani siku mbili. Tulipofungua shule akasema shangazi yake alikuwa mgonjwa, na nikamjibu kwamba haidhuru.

Lakini mama aliupenda ukuta ule. Alimleta Mama Robi, jirani yetu, naye akaupapasa kwa kiganja, palepale juu ya kitanda.

"Huyu akiolewa," Mama Robi akasema, "baba yake adai ng'ombe mmoja zaidi kwa ajili ya ukuta."

"Wawili," mama akasema. "Bafu hujaliona."

Nilisimama mlangoni nikitazama miguu yangu.

Baada ya hapo mama alipotaka kusomewa, nilishika karatasi ya daftari langu la historia nikasema maneno ya kaka kwa kichwa. Hakuwa na jinsi ya kujua. Siku moja alikuwa amechoka sana, alikuwa amekaa na mikono mapajani. Nilipofika mwisho nikaongeza mstari. "Mama, nikila ugali wa huku, naukumbuka mkono wako."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku hiyo, kila nikimsomea, aliungoja mstari ule. Nilikuwa namwona akiungoja.

Hayo ndiyo makosa yangu, na la pili naliona zito kuliko la kwanza.

Sasa mama anakwenda darasa la watu wazima. Nilipofika likizo hii nilimkuta anasoma maandishi kwenye gunia la mbolea, kidole chini ya kila herufi. Juzi akaniambia, akikoroga ugali, kwamba mwalimu amewaagiza kila mtu Jumatatu aje na kitu chake mwenyewe cha kusoma. "Nitachukua barua moja ya Mwita. Nichagulie ile yenye ugali."

Nikasema, "Sawa, mama."

Leo mchana alipokwenda darasani nilichota maji ndoo mbili, nikaulowesha ukuta kwa kitambaa, nikaanza kubandua kwa kucha. Udongo ulitoka pamoja na karatasi. Barua tatu za mwanzo kaka aliziandika kwa wino. Nilipozigeuza, zilikuwa na bluu tupu, kama maji ya kufulia. Mbili za mwisho aliandika kwa penseli, na hizo zilikuwepo. Zimechanika pembeni, zina madoa ya udongo, lakini zinasomeka. Sikuwa na mahali safi pa kuzianika isipokuwa bafuni, kwenye mawe yangu, yaliyokuwa yamepata moto wa jua. Nikazitandaza zote tano, nikarudi chumbani kuzoa udongo.

Sikumsikia mama akirudi. Mwalimu aliwaachia mapema. Alipitia jikoni, akachukua ndoo yake, akaenda moja kwa moja kuoga.

Nilitoka nikasimama nje ya bafu na mikono yangu ya matope. Nilisubiri kelele. Badala yake nilisikia anasoma, polepole, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua.

"Ma-ma. Shi-ka-mo-o."

Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Marahaba."

Akaendelea. Kazi ya mkonge ni ngumu lakini nimezoea. Nimenunua blanketi. Nyangi asome. Nadhani ilichukua nusu saa, barua mbili zile. Hakuruka neno hata moja.

"Nyangi."

"Naam, mama."

"Hizi nyingine zimefanywa nini?"

Nikamweleza. Ukuta, gundi, Flora. Niliyasema kwa kuutazama udongo niliokandika mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa upande wa pili na sikulazimika kumtazama usoni.

"Na mstari wa ugali, uko kwenye ipi?"

Ningeweza kusema ulikuwa kwenye mojawapo ya zile za wino. Nakiri jibu hilo lilikuja lenyewe, likakaa mdomoni. Hakuna ambaye angejua, hata kaka akirudi. Na mama angebaki nao.

"Haukuwepo," nikasema. "Niliuongeza mimi."

Nikasikia anaziokota karatasi kutoka kwenye mawe, moja moja. Kisha akasema, "Mstari huo nimeshamwambia Mama Robi." Basi. Akanipitishia barua juu ya ukuta, nikazipokea kwa sehemu safi za vidole, na nikasikia maji yakimwagika.

Nilikwenda kukanyaga udongo. Nilichanganya na samadi nikasiriba pale palipobanduka, na sasa juu ya kitanda changu pana doa la kahawia, refu kama mlango, na pembeni yake karatasi za mitihani. Nimeamua kuliacha. Kabla ya kula nilimpelekea mama barua zake mbili, na zile tatu pia kwa sababu alizitaka. Alizikunja, akazitia kwenye kopo tupu la chumvi, akaliweka upande wake wa nyumba, chini ya mto wake.