Tarumbeta la Besi Limerudi Kihambani

Baba Aika,

Sitazunguka, si unanijua. Matarumbeta yamekuja nyumbani. Manane! Jumapili hii iliyopita, baada ya ibada ya pili, yalisimama kwenye kihamba chako, hili shamba la nyumbani, kati ya mgomba wa mshare na ule mti wa kahawa uliokuwa unakataza usikatwe, yakakupigia mpaka ng'ombe wa jirani akakata kamba. Na aliyeongoza ni nani? Binti yako. Haya, wetu. Lakini leo niache niseme wangu, maana kumbeba tumboni hukunisaidia.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukasema huyu aliishia la saba hajui kupanga habari.

Na leo nitalitaja lile jambo ambalo hukutaka litajwe. Wewe ndiye uliyekuwa mpiga besi wa usharika, hakuna aliyekufikia kuanzia huku juu mpaka mjini Moshi. Halafu siku timu ya kijiji ilipochukua kombe, ukalichukua tarumbeta la kanisa ukaenda nalo kilabuni, ukawapigia walevi wimbo wa Pasaka huku wameshika vibuyu vya mbege. Wazee wa kanisa wakakuita. Walichotaka ni usimame mbele ya washarika, useme nimekosa, urudi kundini. Sentensi moja tu, baba. Ukawajibu, "Kwani kilabuni Mungu hafiki?" Ukakaa nyumbani miaka tisa na sentensi yako mdomoni.

Miaka hiyo tisa ndiyo uliyomfundisha mtoto. Wenzako wako kanisani, wewe uko nyuma ya banda la ng'ombe, umekata mpira wangu wa kumwagilia mboga, umechomeka faneli, unamwambia, "Usijaze mashavu kama chura, Aika. Pumzi itoke tumboni." Mimi nilikuwa nafoka kwa ajili ya mpira wangu. Kumbe ulikuwa unajenga. Alipomaliza kipaimara akaenda mwenyewe kuomba kupiga. Wakamcheka, msichana na besi wapi na wapi! Akapuliza mara moja. Wakampa lile lile la kwako, lenye bonde ubavuni pale ulipoliangusha.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni ya siku tulipokuzika.

Mzee Elifuraha, yule mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alikuja na uamuzi wameuandika kwenye karatasi. Marehemu hajarudi kundini. Kengele haitapigwa, matarumbeta hayatakuja. Mwinjilisti atakuja kuomba na wafiwa, basi. Akaikunja karatasi, akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Nilimpa maji, Baba Aika, na moyoni nilikuwa natamani yamkwame.

Sasa sikia. Ufunguo wa stoo ya matarumbeta alikuwa nao Aika. Mfukoni! Yeye ndiye aliyekuwa anafungua siku za mazoezi. Dada yako akamvuta nyuma ya nyumba akamwambia, "Kimbia kalete, nani atakuzuia? Huyu ni baba yako." Mtoto akasema, "Shangazi, ufunguo huu nimepewa kwa kuaminiwa." Akasimama kaburini mikono mitupu. Udongo unaanguka, watu kimya, nami namwona midomo imebana kama anapuliza, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vinabonyeza hewa pale kwenye gauni. Alikupigia wimbo mzima hivyo hivyo, bila sauti.

Wakati ule sikuelewa. Nilimwona mwoga. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia, na kanisani sikukanyaga tena.

Yeye akaendelea kwenda! Siku hizi yuko chuo cha ufundi mjini anasomea umeme, na ni wa kwanza darasani, sijisifu, ni karatasi ya matokeo ndiyo inayosema. Wenzake wanamwita Mama Mchungaji kwa sababu hawafuati disko. Anawajibu, "Sawa, basi leteni sadaka." Hata hawawezi kumchukia, wanaishia kucheka. Kila Jumamosi anapanda huku kwa mazoezi, mvua isimzuie, tope lisimzuie. Dada yako akawa anamchoma: "Wamemnyima baba yako na wewe unawapulizia. Huna damu wewe?" Akamwambia, "Shangazi, siku ya kipaimara niliahidi mbele za Mungu. Mzee Elifuraha sikumwahidi kitu."

Mwaka na nusu ukapita hivyo, mimi na hasira zangu, yeye na tarumbeta lake.

Halafu Godlisten akafa. Mtoto wa Mzee Elifuraha, yule aliyekuwa Bomang'ombe. Homa ya siku chache tu, kijana wa miaka thelathini, ameacha watoto wawili. Na alikuwa akiishi na mama yao bila ndoa ya kanisani. Unaona inapokwenda? Hajarudi kundini. Kengele haitapigwa. Karatasi ile ile, safari hii imeingia nyumbani kwa aliyezoea kuibeba.

Nikikuambia sikufurahi nitakuwa namdanganya marehemu wangu. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikasema kwa sauti, "Mwache na yeye aonje." Aika alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Akaniambia pole pole, wala hakunifokea, "Mama, siku ile uliumia kwa sababu ni baba, au kwa sababu ni vibaya?"

Nikamenya ndizi ile ile mara ya pili. Mimi! Mimi ambaye hata mwenyekiti wa kijiji ananikwepa njiani.

Jioni ile ile akaenda kwenye baraza la wazee. Nikamfuata nyuma, sikualikwa, nikasimama dirishani pale ofisini. Akaingia, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja mpaka wa mwisho, haruki mtu. Mzee Elifuraha hakuwepo, alikuwa kwenye msiba wake. Mchungaji akamuuliza una shida gani binti. Akasema anaomba kikundi kiruhusiwe kwenda kumpigia Godlisten. Mzee mmoja akaanza, "Utaratibu wetu, mwanangu, unaujua..." Akamwambia, "Naujua, baba. Marehemu hayasikii matarumbeta. Wanaoyasikia ni mama yake na watoto wake, na hao hamjawatenga."

Ndipo akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza yao.

"Alipokufa baba yangu," akasema, "ufunguo huu nilikuwa nao mfukoni. Sikufungua. Leo naomba mnifungulie ninyi."

Baba Aika! Ndiyo siku nilipojua kwamba siku ile ya kaburini hakuwa mwoga. Alikuwa amebeba kitu kizito kuliko tarumbeta, amekibeba peke yake, na mimi mama yake nimemwongezea mzigo.

Mchungaji akawauliza wazee, mmoja mmoja. Ibada ya kanisani hapana, kengele hapana. Lakini matarumbeta yaende yakawafariji wafiwa. Na tangu siku hiyo ndivyo ilivyo kwa kila msiba wa usharika, awe kundini au nje. Ufunguo mchungaji akaurudisha kiganjani mwa Aika kwa mkono wake mwenyewe.

Wakaenda, wakampigia Godlisten. Mzee Elifuraha alivua kofia akalia kama mtoto. Sikufurahi tena. Nilipeleka mkungu wa ndizi na maziwa, nikakaa na mama wa Godlisten siku nzima.

Sasa ndiyo ya Jumapili. Mzee Elifuraha, kumbe, aliomba kusema neno baada ya matangazo. Niliyasikia kwa watu, maana mimi bado nilikuwa nyumbani na kiburi changu. Alisema, "Washarika, kuna kaburi moja tulilipita kimya. Naomba twende leo." Basi nikiwa uani nimevaa kanga ya kazi, nikaona watu wanapanda njia ya kihambani, kanisa zima, na mbele yao mzee amebeba tarumbeta la besi begani. La kwako. Kile kipande chote cha mlima! Vijana wanataka kumpokea, anawasukuma kwa kiwiko, anahema. Akafika kaburini akamkabidhi Aika. Kisha akanigeukia: "Mama Aika, nisamehe."

Nikamwacha asimame kidogo. Nami ni binadamu. Halafu nikasema, "Nimekusamehe, mzee. Na wewe unisamehe, maana nilikuombea maji yakukwame." Watu hawakujua wacheke au walie.

Na alichagua wimbo gani huyo binti yako? Ule ule! Ule wa Pasaka, wa kilabuni! Wazee waliutambua sauti ya kwanza tu. Nikamtazama Mzee Elifuraha, machozi yanamtoka na huku anacheka mabega yanatikisika. Besi ilikuwa inapita chini ya ardhi, niliisikia kwenye nyayo. Mashavu hakujaza. Pumzi ilitoka tumboni. Nilitamani kupiga vigelegele, nikasema Ruwa, Mungu wangu, kaburini? Nikapiga. Na wanawake wote wakapokea.

Baadaye walikula mtori wangu mpaka sufuria ikalia. Mchungaji aliomba bakuli la pili. Sijisifu.

Sasa wewe pumzika. Pale ulipolala hapana kimya tena. Mimi nakuahidi hivi: Jumapili ijayo nitakwenda. Nitavaa kitenge kile cha bluu ulichoninunulia, nitasimama mbele ya washarika, nami nimekaa nje mwaka na nusu kwa hasira, nitasema nimekosa. Sentensi moja. Nitaisema taratibu na kwa sauti, ili huko uliko usikie kwamba kumbe haiui mtu.

Mpira wako wenye faneli bado unaning'inia bandani. Juzi niliujaribu. Ulitoa sauti ya ng'ombe anayezaa. Usinicheke, ukaidi wetu uliotufikisha hapa tumegawana sawa, bahati nzuri mtoto hakuuchukua.

Lala salama, mume wangu. Sisi tuliobaki tuna mazoezi Jumamosi.

Mimi mkeo,
mama wa mpiga besi.