Nilipomtetea Mzee Dolan

Sparkbrook, Birmingham
Alhamisi alasiri

Mwanaidi, shoga yangu,

Leo sina zamu hospitali. Nimekaa jikoni kwa Bi Nora, kwenye kiti chako, kwa kuwa viti vingine vimekwisha kuuzwa. Wenye nyumba wetu wanahama. Kesho asubuhi Mzee Dolan na mkewe, Bi Nora, wanapanda treni kuifuata meli, warudi kwao Ayalandi, na nyumba imenunuliwa na watu nisiowajua. Nimeambiwa naweza kubaki na chumba changu. Sikuambiwa nitabaki na nani.

Kuna jambo sijakwambia. Ungekuwa hai ningekwambia siku ileile. Lakini ungekuwa hai lisingetokea, maana ungenikanyaga mguu chini ya meza hii hii.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Wao wametoka misa, mimi nimerudi kutoka kanisani kwangu, wewe umekwisha kusali adhuhuri huko juu, na Bi Nora anakata ule mkate wake wa magadi uliokuwa ukiusema kuwa ni mzito kama deni. Gazeti la wilaya ya kwao Ayalandi lilikuja kwa posta limeviringishwa, limechelewa wiki nzima, na Mzee Dolan alilisoma kwa sauti kana kwamba mambo yametokea asubuhi hiyo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimchokoza. Siku moja ulimwuliza serikali yake ya Dublin imemfanyia nini. Akasema, "Imenijengea barabara nzuri sana ya kwenda bandarini, nikapande meli ya kuja huku." Kisha akakunja gazeti, maana alikuwa na miaka mingi hapa akichimba barabara za Waingereza.

Bi Nora naye alikuwa na yake. "Kwetu mtoto huzaliwa na chama kabla ya kubatizwa," alituambia. Kwamba kijijini kwao mpaka leo watu wanapiga kura kwa kufuata upande ambao baba zao walishika bunduki, Mwingereza alipoondoka wakabaki kuuana wenyewe. Wewe ukamjibu, "Basi Tanzania ni nafuu, Bi Nora. Chama ni kimoja, mtu hapotezi muda kuchagua." Mzee alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Na juu ya Kaskazini, kile kipande cha Ayalandi Waingereza walichobaki nacho, ambako kila gazeti la hapa linadhani Mwayalandi yeyote amezaliwa, Bi Nora alisema hajawahi kukanyaga, na kwamba Wolverhampton ya hapa jirani anaifahamu zaidi kuliko Belfast.

Ila Jumapili ya baada ya waandamanaji kupigwa risasi na wanajeshi wa Kiingereza kule Derry, Kaskazini, hakuna aliyecheka. Mzee hakusoma gazeti. Alisema maneno makali juu ya serikali ya London, moja baada ya jingine, huku akitazama ukutani. Kisha akasema kwamba kwenye baa anakokunywa linapitishwa kopo la kuwachangia wake na watoto wa wanaume waliofungwa huko Kaskazini bila kufikishwa mahakamani, naye ametia alichokuwa nacho. Wewe ukamwekea mkono begani. "Hiyo ni rambirambi, Mzee. Umefanya la kiungwana."

Yote hayo niliyaandika. Unanijua. "Bi Karani," ulikuwa ukiniita, "siku ya kiyama malaika watakuja kwako kunakili." Tarehe, nani kasema nini, hali ya hewa. Habari ya kopo niliipigia mstari, kwa sababu niliona ni jambo jema la mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa hana kitu.

Kisha wewe ukaondoka. Sikuwahi kukwambia walivyofanya. Wanawake wa Kizanzibari wa mtaa wa Lozells walipokuja kukuosha, Bi Nora alikaa kwenye ngazi na rozari yake, hakuingia, hakuondoka. Mzee Dolan alikwenda kuazima viti vya ukumbi wa parokia yao akavipanga sebuleni siku tatu, kwa kuwa nilimwambia ndivyo tunavyofanya. Jirani mmoja alimwuliza viti ni vya nini. Akasema, "Tuna msiba." Hakusema wapangaji wana msiba.

Novemba ya mwaka uleule yakaja yale mabomu ya katikati ya mji, yaliyosemwa kuwa ya wapiganaji wa Kiayalandi. Sitakueleza wodi ilivyokuwa. Wewe ulikuwa muuguzi, unaweza kuijua bila kuambiwa. Nitakueleza kituo cha basi. Asubuhi moja ya wiki ile wanawake wawili walikuwa wakisema Waayalandi wote wafungashwe warudishwe kwao, na mmoja akanigeukia, mimi ambaye kila siku alikuwa akinipita kama nguzo ya taa. "Wewe mpenzi unatuelewa, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Mwanaidi, miaka yote niliyokaa mji huu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuhesabiwa upande wa wenyeji. Na nilifurahi. Mpaka basi likafika nilikuwa nimefurahi.

Labda ni kwa sababu hiyo nilitaka sana kumtetea Mzee walipokuja polisi.

Walikuja wawili, mchana, bila sare, wapole. Mzee yuko kazini, Bi Nora yuko sokoni Ladypool Road. Niliwapa chai. Walisema wanapita nyumba za Waayalandi kuuliza maswali ya kawaida tu. Nikawaza: bahati yao wamenikuta mimi, mtu mwenye kumbukumbu. Nilipanda juu nikaleta madaftari nikaanza kuwatafsiria. Niliwasomea habari ya viti vya msiba. Niliwasomea barabara ya bandarini, wakatabasamu. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Basi nikawasomea na kopo, ili waone moyo wake. Nikawaeleza kwamba hata kwetu mtu akifiwa au akifungwa, jamaa zake huchangiwa, na asiyetoa ndiye hutazamwa vibaya.

Yule mdogo aliacha kunywa chai. Aliniuliza ni baa gani. Nikaitaja. Aliniuliza ni lini. Nikafungua ukurasa.

Walimchukua Mzee kutoka kazini, na buti zake za matope. Walimzuia wiki nzima. Hawakumkuta na kosa, wakamrudisha, na hakuna aliyesema samahani. Msimamizi wake akamwambia asirudi, vijana hawataki kuchimba naye. Alipata kazi ya kufagia ghala, nayo ikaisha. Tangu hapo Jumapili anakula kisha anakwenda kulala. Gazeti la kwao liliendelea kuja kwa posta. Magazeti yalijaa pale juu ya kabati, hayajafunguliwa.

Na mimi nilinyamaza.

Bi Nora alimshuku mama Perkins, yule mjane wa ng'ambo ya barabara anayechungulia kwenye pazia. Alimnyima salamu. Duka la nyama alibadilisha asikutane naye. Mara moja yule mama alileta keki ya Krismasi mpaka mlangoni, na Bi Nora akamfungia mlango usoni, mimi nimesimama hapo hapo ukumbini nimeshika mwavuli wangu. Nilirudi chumbani nikaandika: "Leo mvua." Hayo tu, Mwanaidi. Mwaka mzima na zaidi daftari langu lina mvua tupu.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilisema nikikiri nitafukuzwa, na nani atampangisha chumba mwanamke mweusi aliye peke yake? Nilisema Mzee amekwisha kurudi, kuna faida gani. Lakini ukweli ni kwamba jikoni hapa ndipo mahali pekee mtu alipokuwa akiniuliza kama nimekula. Niliogopa kulikosa swali hilo.

Juzi Jumanne tulikuwa tukifunga vikombe kwa magazeti. Yale yale, ya kwao; Bi Nora aliyashusha kabatini akayatumia kufungia vyombo, na habari zote ndani yake hazijasomwa. Akasema anaondoka bila kinyongo na mtu yeyote wa mtaa huu isipokuwa yule wa mapazia, na kwamba huyo hatamsamehe hata padri akimwamuru.

Nikamwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema ni mimi, nilisema nilichowasomea, na kwamba nilidhani nasaidia. Mzee alikuwa mlangoni, amesikia.

Bi Nora alikiweka chini kikombe alichokuwa nacho. Hakunitazama. Alivaa koti lake, akafunga kitambaa kichwani, akavuka barabara. Kupitia dirishani nilimwona anagonga kwa mama Perkins. Mlango ulichukua muda kufunguliwa. Alikaa huko muda mrefu.

Tukabaki mimi na Mzee. Nilingoja anitukane. Alikaa, akageuzageuza kofia yake, mwishowe akaniuliza, "Na yale niliyoyasema juu ya mawaziri wetu wa Dublin, hayo uliwasomea?" Nikasema ile ya barabara tu, mengine hapana. "Bahati mbaya," akasema. "Hayo ndiyo niliyotaka serikali fulani iyasikie." Nilidhani anacheka. Nilipomtazama, hakuwa akicheka. Aliinuka, akapanda ngazi polepole, akishika ukuta.

Bi Nora aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alichukua kikombe kilichofuata, akaendelea kufunga. Mpaka sasa ninapoandika hajaniambia neno. Jana aliniwekea sahani mezani, mimi peke yangu, akatoka. Sijui sahani hiyo maana yake nini. Ungekuwapo ungemfuata uani umwulize; wewe hukuwa unaogopa jibu.

Nimetaka uniambie kama nimefanya vema au nimechelewa mno. Nasikiliza, sisikii kitu ila maji kwenye bomba. Basi nimeamua mwenyewe.

Kwetu mgeni hafungiwi mlango tu akaenda zake. Na sasa hapa mwenyeji ni mimi, wao ndio wanaoondoka. Kesho nitawasindikiza mpaka stesheni. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Bi Nora akinipa kikapu nitakibeba. Akininyima, nitatembea nyuma yao mikono mitupu, Stratford Road nzima, watu watazame. Sitaomba anwani yao. Sitaomba kusamehewa mbele ya treni, mtu akiwa hana nafasi ya kukataa. Nitasimama mpaka behewa la mwisho lipite, hivyo tu, nakuahidi.

Lala kwa amani, shoga yangu. Mungu akupe jirani mwema huko uliko.

Ni mimi wako,
Eliza