Jino Alilolichapa Mwajuma

Nimeota jino, dada Zaina, pale pale mbele palipokuwa na pengo. Amahoro, amani kwenu wote huko Buyenzi. Ni kazi ya binti yangu Mwajuma, daktari wa meno: amelichapa kwa mashine, jino siyo karatasi, akaligandisha kwangu. Nilitaka jeupe kama sahani, akanikatalia: "Mama, lifanane na jirani zake."

Lakini watu wa Rumonge walikuwa wanaikimbia kliniki yake, eti meno ya plastiki. Basi nikaenda sokoni Magara, nikatafuna samaki mukeke wa kuchoma mbele ya wauza samaki. "Haya, nionyesheni la plastiki liko wapi." Mama mmoja akachungulia, akanyooshea kidole jino langu la kuzaliwa. Leo wamejaa kwenye benchi la Mwajuma.

Nawapenda sana. Wewe na shemeji mwenye pengo, tunawangoja Jumamosi.