Nilisimamisha Maroboti Sababu ya Maiti

Mpendwa Mama Élisabeth, naomba unisaidie, usingizi umenikimbia.

Minye naitwa Noella, wa hapa Uvira, na mu biro yetu ya kazi tunaangalia maroboti yenye kubeba makatoni mu depo, ghala moja kubwa ya Ulaya, yako kule, sisi tuko huku, programu inayapangia njia yasigongane, na kwenye ekrani ya kompyuta kila moja inaonekana kama kadoa kanatembea, moja ikikwama sisi njo tunaifungulia njia, tena kuko kifungo cha kusimamisha yote mara moja, hicho ni cha muntu akianguka mbele yao, basi. Sasa juma iliyopita maiti ya Papa Cyprien, jirani yetu, ilipita mbele ya biro, watu wanaimba, wenye pikipiki wamezima, kila muntu amesimama, nami nikasimama, nikaona vile vidoa bado vinakimbia-kimbia, nikasikia aibu, mukono ukaenda wenyewe, nikabonyeza. Eh, Mama! Depo yote kimya! Mpaka jeneza lilipokata kona njo nikayaachilia.

Shefu, mukubwa wetu wa kazi, alipouliza sababu gani yalisimama nilinyamaza, akasema basi ni koneksio, intaneti imekatika, na sasa anasema koneksio ya Uvira haifai, anataka kufunga biro apeleke kazi mji mwingine, na Lionel, mwenzangu wa meza, bibi yake amezaa juzi, ananiuliza kila saa, "Noella, sasa tutaenda wapi?" namujibu, "Mungu iko." Nikisema ukweli nafukuzwa minye, nikinyamaza ni sisi wote, nifanye nini?

JIBU

Noella mwanangu, pole kwa msiba. Kusimamia maiti ni malezi mazuri, mama yako alikulea. Lakini maroboti nani aliyatuma kwenye kilio? Watu wa kule walizani mwenzao amepondwa. Hiyo uliifikiria?

Na acha kumujibu Lionel "Mungu iko". Mungu iko kweli, na anakuona vile unamudanganya mwenzako.

Kesho asubui, shefu akiwa hajafungua kompyuta, ingia, funga mulango, sema: "Koneksio haina kosa, ni minye nilibonyeza, sababu ni hii." Usianze na machozi. Halafu omba kitu kimoja: maiti ikipita, mumoja abaki kwenye ekrani, wengine wasimame. Akikufukuza utaumia, sikufichi. Lakini siku Lionel atafunga vyombo vyake, utamuangalia na macho gani?

Usiende na bwana yako, usiende na pasta. Weye njo ulibonyeza, wende weye peke yako.