Ini Lako Lilikuwa Zima, Apolonia

Mwaka mzima umetimia leo, mke wangu Apolonia, tangu tulipokuzika hapa Ilomba, tarehe 9 Julai 1976, baridi kali na ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Watu bado wanachungulia uani pale ulipokuwa unaanika kimea. Wanakumbuka, wanaondoka.

Ulipika pombe ya komoni ambayo watu waliifuata kutoka Uyole. Na kabla mtu hajapokea kata, wewe ulionja kwanza mbele ya macho yake, kama desturi yetu, aone hakuna kitu kibaya ndani. Unagusisha midomo, unafuta kwa kanga, unampa. Miaka kumi na tisa sijakuona unamaliza kata moja. Machicha uliwapa wenye nguruwe bure. Mgonjwa wa mtaa huu hakulala na njaa ukiwa na unga.

Tumbo lilipoanza kuvimba nikakupeleka hospitali. Yule mkubwa wa pale, jina silitaji, mwenyewe anajijua, akaniuliza mimi, wewe hakukuuliza: "Mama anakunywa?"

Nikasema, "Kila siku lazima aonje, mzee."

Akaandika. Basi, yakaishia hapo. Ukanitazama, ukasema, "Baba Tekla, ungemwambia tu kwamba nalala ndani ya pipa." Tukacheka wawili. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Miezi minne uliwaonyesha kwa kidole, hapa, chini ya kitovu, ndipo panapouma. Wao wanabonyeza juu, kwenye mbavu. "Ini hilo, mama. Acha pombe." Ukaacha hata kuonja. Wateja wakatuhama, maumivu yakabaki.

Ni kaka yako Didas aliyekuja akakuchukua kwa basi mpaka kwenu Iringa. Daktari wa kule akakupasua. Akatuambia uvimbe uko kwenye mfuko wa mayai ya uzazi, na umeshatapakaa tumboni. "Lakini ini nimeliona kwa macho yangu," akasema, "ni zima." Akakata kinyama, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Ukarudi nyumbani umekonda, lakini unatabasamu. Ulimwambia jirani yetu Sekela, "Umesikia? Ini zima! Mimi si mlevi."

Majibu yalipitia kwa yule yule mkubwa wetu. Akasoma mstari wa kwanza, kwamba nyama ile inafanana na ya kansa ya ini, akafunga karatasi. "Si niliwaambia?" Ulisikia hayo ukiwa umelala kwenye benchi. Siku ya tatu ukatutoka.

Na makaburini, balozi wetu wa nyumba kumi, Jailos, akasimama mbele ya mama yako Leokadia aliyekuzaa, akasema, "Kina mama mjifunze, pombe hiyo." Jailos! Yeye aliyekunywa kwako kila Jumamosi, kata zake wewe ukimwonjea!

Siku arobaini zilipopita ikaja barua ya daktari wa Iringa. Mimi nimeishia darasa la pili, Tekla akanisomea mara tatu. Inasema kansa yako ilianzia kwenye mfuko wa mayai, ni ya aina ambayo yeye hajawahi kuiona. Ukiitazama kwa darubini unaweza kuapa ni ya ini, lakini sivyo. Inasema pombe haikuhusika. Nikaipeleka kwa wakubwa. Mmoja akaniambia, "Mzee, si ameshakufa?"

Ndiyo, ameshakufa. Lakini jina lake lipo.

Mimi nawalaumu, sitaacha. Najilaumu na mimi, kwa jibu langu lile moja. Nilipaswa kusema: mke wangu hanywi, anawalinda wanaokunywa.

Leo hii Jumamosi, baada ya misa, Tekla atasoma barua ile kaburini kwa sauti, yote, mpaka mstari wa mwisho. Jailos tumemwalika. Kisha nyumbani kutakuwa na komoni, Sekela amepika kwa kimea chako kilichobaki. Nitaonja mimi kwanza mbele ya watu wote, nifute mdomo kwa kanga yako, kisha nimpe Jailos kata, mkononi.

Unakumbukwa na mimi mumeo Philbert, wanao Tekla na Yohane, mama yako Leokadia, kaka yako Didas, na Sekela aliyekuosha. Hatutakusahau siku zote tulizobakiza, Mama Tekla.